Meno ya Marehemu Kavata

Jumatatu, 9 Agosti 1999
Sijaandika humu tangu Pasaka. Ni uzembe, wala sina kisingizio. Naliomba radhi daftari hili, kwani hakuna mwingine wa kuombwa.

Chuo kimefungwa kwa mgomo. Mjukuu wangu Kavata yuko hapa Nunguni. Anataka kujiunga na watu wanaotunga programu ya kompyuta ya kurekebisha picha. Hawaiuzi. Maandishi yake ya ndani yako wazi, na yeyote anayeweza huyasahihisha. Hilo nimelipenda. Vikundi ni viwili, kila kimoja na programu yake: kimoja cha watu mia mbili, kingine cha watu watatu. Masomo hayamruhusu kutumikia vyote. Kikubwa, asema, kitamfungulia milango ya kazi. Vyote vimemtaka atume sampuli ya kazi yake.

Jumatano, 11 Agosti
Amerudi kutoka Machakos, kwenye ofisi yenye kompyuta. Alitumia picha ya pekee ya marehemu mke wangu, ambaye yeye amerithi jina lake — ile iliyokunjwa, ufa ukapita mdomoni. Ufa umekwisha. Amevipelekea vikundi vyote picha mbili, ya kale na mpya. Mimi kanipa nakala.

Niliitazama sana. Meno ya mbele yamejaa, sawasawa, kama ya tangazo la dawa ya meno! Marehemu alichongwa meno usichanani, kama wenzake wote wa rika lake. Kavata hakuwahi kumwona. Alidhani picha imeharibika.

Nilimwambia, "Huyu simjui."

Ndipo nikamweleza habari za kuchonga. Nilikuwa mkali kupita kiasi.

Alhamisi, 12 Agosti
Jirani yangu Kiema aliikuta picha mezani. Akauliza kama marehemu amepata daktari wa meno huko aliko. Kavata alicheka, kisha akatoka nje.

Jumamosi, 14 Agosti
Alikwenda tena Machakos, majibu yamefika. Kikundi kikubwa kimempokea, na kimeitundika picha ile mbele ya dunia nzima kuwa mfano wa kazi safi. Kinataka jibu Jumanne. Kile cha watatu hakikusema ndiyo wala la. Kimeuliza tu: meno yaliharibika pichani, au ndivyo alivyokuwa?

Nikasema hao watatu wana adabu ya kazi. Kavata akasema watatu wakichoka, programu inakufa, naye atabaki bila kitu.

"Na nikiwaambia wale wakubwa waiondoe, Babu, watajua nilikosea. Wanaweza kunikataa."

Nilitaka kumwamuru. Nilijizuia.

Jumanne, 17 Agosti
Asubuhi aliniuliza meno ya bibi yake yalichongwaje — mangapi, ncha upande gani. Nilimchorea kwa penseli. Nilikosea, nikafuta, nikaanza upya. Ameukunja mchoro ndani ya barua aliyoandika, akaenda Machakos kuvituma kwa kompyuta.

Barua ni moja. Sikuuliza ni ya kikundi gani.

Sasa ni saa kumi, hajarudi. Akiniambia alivyoamua nitaandika humu, hata kama ameamua nisivyopenda.