Umri Mpya wa Mjomba Ngassa

Machimboni Nyarugusu,
Geita.
Jumatano asubuhi.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mayu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako la kushoto limekubali kukupeleka kanisani na kukurudisha. Mimi sijambo. Nakula na kulala, ingawa usingizi wenyewe si ule wa nyumbani. Nisalimie mdogo wangu Nelly, umwambie ujumbe wake kuhusu viatu nimeupata na sijausahau. Wasalimie na majirani wote wa hapo Samuye, hasa wale wanaokuuliza kama bado nina adabu.

Najua utashangaa kuona karatasi badala ya kusikia sauti yangu. Simu ya hapo nyumbani, Mama, ikilia hupokelewa na aliye karibu, kisha huwekwa sauti kubwa mpaka mbuzi nao wanasikia. Neno nililonalo halifai kusikika hivyo. Ndiyo maana nimempa barua hii Paskalina, anayekuja huko kununua mchele, aikabidhi mkononi mwako. Isome kwanza peke yako. Halafu, moyo wako ukikubali, msomee Mjomba Ngassa.

Nianze na bosi wetu, Mzee Abdulshakur. Ulimwona ulipokuja kunitembelea: yule mrefu mwenye kofia, aliyekuletea tende na kukuuliza ulinilisha nini utotoni hata nikawa mwoga namna hii. Ni mtu mwema, na nataka ulishike hilo kabla ya kusoma mengine. Masika yaliyopita mchimbaji wetu mmoja alizirai kwenye ngazi akipanda kutoka chini, akaokolewa na kamba aliyojifunga kiunoni. Tangu hapo bosi hakutulia. Mtu akikohoa karibu naye, alimtazama kama anayepima sanda.

Ndipo mkwewe alipomletea kutoka Dar es Salaam boksi la vipimo vya nyumbani, vinavyosemekana kujua umri wa mwili. Unajitoboa kidole kwa kisindano, unadondosha damu kwenye kikadi, unakiacha kikauke, unakituma. Baada ya wiki kadhaa majibu yanakuja kwenye simu, yanakwambia mwili wako una miaka mingapi, hata kama cheti chako cha kuzaliwa kinasema vingine. Mtu wa arobaini anaweza kuambiwa mwili wake ni wa sitini, na wa sitini akaambiwa bado kijana.

Bosi alijipima yeye kwanza. Ana miaka hamsini na sita, na majibu yakasema arobaini na minne. Mama, ungemwona. Alinyoa ndevu, akanunua raba nyeupe za kutembelea kwenye vumbi hili la karasha zinazosaga mawe. Mkewe, Mama Amira, alikuja ofisini akatuambia kwamba mzee siku hizi anakataa kubebewa ndoo ya maji ya kuoga, anaibeba mwenyewe, halafu yeye ndiye anayebaki kumkanda mgongo.

Basi akaamua kunipima mimi karani wake pamoja na kikosi cha duara la pili, shimo ambalo Mjomba Ngassa amekuwa akichimba tangu kabla ya mavuno ya mwaka jana. Alisema hakuna anayefukuzwa. Anachotaka ni kwamba mwili uliochoka upumzike kabla haujaanguka tena kwenye ngazi. Akanikabidhi boksi, akasema mimi ni msomi, wachimbaji wananiamini, na mkono wangu ni msafi. Aliagiza lisafiri na basi la mchana wa siku ileile.

Wewe unajua yanayosemwa machimboni kuhusu damu. Mwenye duara akitaka damu, nywele au nguo ya mchimbaji, watu hawafikirii hospitali. Wanafikiri mganga. Wanaamini shimo litatoa mali na mtu atabaki chini. Nilipofika na boksi langu na kueleza habari za maabara, Adam, kiongozi wa kikosi, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema ndiyo. Akasema damu ya mtu haipandi basi. Akasema kama bosi anataka kujua nani mzee, amuulize mke wa kila mmoja. Wenzake wakacheka, mmoja akaongeza kwamba karani naye aulizwe, ila sharti kwanza apate mke. Lakini vicheko viliisha upesi, na nikaona wamesogea nyuma, mbali na boksi, kama lina nyoka.

Mjomba Ngassa alinifuata pembeni. Aliniita ng'wanawane, yaani mwanangu, akaniambia polepole kwamba nikimwomba yeye, hataweza kuninyima, kwa sababu mimi ni mtoto wa dada yake. Lakini akitoa damu mbele ya wenzake, hawatashuka naye tena. Kwa hiyo akaniomba nisimwombe. Sikumwomba, Mama. Nilirudi ofisini na boksi lilelile.

Na bado boksi lilisafiri na basi la mchana, na kila kadi ilikuwa na damu. Hapo nitarudi.

Majibu yalikuja bosi akiwa anakunywa chai. Aliyasoma kwa sauti, jina kwa jina, na uso ukawa unabadilika. Adam alipewa thelathini na mmoja, akapongezwa asijue kwa nini. Mimi mwenye miaka ishirini na mitano nilipewa thelathini na minane. Mjomba Ngassa alipewa sabini na mmoja. Bosi aliweka kikombe chini. Alisema Mungu amemwonyesha mapema, na kwamba akimwacha mzee wa miaka sabini na mmoja ashuke tena shimoni, damu ya mzee huyo itakuwa juu ya shingo yake yeye bosi.

Jinsi Mjomba alivyoondoka unaijua kwa upande wa kufika kwake; mimi niliuona upande wa huku. Bosi alimwita kwa heshima, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akampa godoro, blanketi na nauli, akamwambia akapumzike kwa dada yake. Mjomba alisema hakutoa damu yoyote. Bosi, akidhani anaona aibu mbele yangu, alimpigapiga bega akamwambia uzee si aibu. Mjomba akanigeukia. Nilijifanya natafuta kalamu.

Unajua pia sheria ya mashimo. Siku mawe yenye mali yanapopandishwa, anayegawiwa ni aliyepo kikosini. Aliyeondoka, hata kama alichimba tangu udongo wa juu, huambiwa pole. Mjomba aliondoka wakati mwamba umeanza kubadilika rangi, dalili kwamba mali iko karibu. Alijua, na wenzake walijua.

Kisha ukanitumia ule ujumbe wako, kwamba mjomba wangu amekuja na umri mpya na anauvaa kila siku. Ulisema ameacha kula nyama kwa sababu meno ya mzee hayaaminiki, yeye ambaye wiki iliyopita alikuwa anavunja miwa kwa meno. Ulisema anauliza kila mtu mpya anayefika kama anamwona amechoka. Kisha ukasema anataka kuwaita wanawe agawe ng'ombe angali hai. Hapo ndipo nilipoweka simu mezani nisiishike tena mpaka jioni. Msukuma anayegawa ng'ombe wake akiwa na nguvu zake anajichimbia kaburi.

Sasa nirudi kwenye boksi, Mama. Kaa chini kama umesimama.

Niliporudi ofisini siku ile niliogopa. Niliogopa kumwambia bosi kwamba msomi wake ameshindwa kazi ndogo. Niliogopa atakasirika na Adam, kikosi kisimamishwe, na lawama inirudie. Nilifunga mlango kwa komeo, nikachukua visindano, nikajitoboa. Kidole cha kwanza kilijaza kadi yangu. Nikaangalia kadi zilizobaki, nikatoboa kingine, na kingine, mpaka mikono yote miwili ikawa kama ya mshona viatu aliyelewa. Damu yote iliyosafiri ilikuwa yangu. Ya Adam ni yangu. Ya Mjomba Ngassa ni yangu. Hakuna aliyeombwa, hakuna aliyetobolewa, ila mimi.

Nilifikiri majibu yatafanana na yatatufanya wote vijana, na bosi atafurahi na kusahau. Sikujua kwamba damu ya mtu mmoja, ya siku moja, inaweza kuwa na miaka thelathini na mmoja kwenye kadi moja na sabini na mmoja kwenye nyingine. Kila kadi ilitaka mwaka wa kuzaliwa. Wa Mjomba niliukisia, maana yeye husema tu alizaliwa mwaka nyuki walipowatoa watu kanisani, na nadhani mashine iliutazama mwaka ule kuliko ilivyoitazama damu. Au pengine damu yangu haikutosha vizuri. Mimi si mtaalamu, na huenda kwingine vipimo hivyo vinawafaa watu. Najua tu kwamba hakuna tone la Mjomba lililopimwa.

Na nikwambie jambo la kuchekesha, kama unaweza kucheka sasa. Nilijua damu yote ni moja, nilijua majibu hayana maana, lakini niliposikia mwili wangu una miaka thelathini na minane niliacha sukari. Mpaka leo nakunywa chai chungu. Ndipo nikaelewa anachopitia Mjomba. Kama mimi ninayejua ukweli nimeogopa, yeye je?

Jana nilimwendea bosi nikamweleza yote, nimesimama. Nilingoja matusi. Badala yake aliniuliza kama na ile kadi yake ilikuwa na damu yangu. Nikamwambia hapana, yake alijitoboa mwenyewe nyumbani. Akazitazama raba zake nyeupe. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sasa atajuaje kama yeye ni wa arobaini na minne. Akajijibu mwenyewe kwamba mgongo wake siku zote ulikuwa unamwambia si wa arobaini na minne, ila hakupenda kuusikiliza.

Kisha akaamua mawili. Mjomba arudi, na mgawo wake uwe palepale ulipokuwa. Akitaka kujua nguvu zake, ataonwa na daktari mwenye macho na mikono. Na mimi nikawaambie wachimbaji mwenyewe, mdomoni mwa shimo. Kuhusu kazi yangu ya ofisini hajasema kitu. Amechukua funguo za kabati, amesema tutaongea. Kwa hiyo sijui, Mama, kama mwezi ujao nitakuwa karani au nitakuwa nyumbani nikikusaidia kupalilia.

Niliwaambia. Nilitegemea watanipiga, au watanicheka, mambo ambayo kwangu ni karibu sawa. Walicheka mwanzoni, hasa waliposikia Adam ni kijana kwa damu ya karani. Lakini Adam mwenyewe aliacha kucheka mapema. Aliniuliza kama niliandika jina lake kwenye damu yangu. Nikakubali. Na la huyu, na la yule? Nikakubali. Akasema basi kama ile damu ingekwenda kwa mganga kweli, ningekufa mimi kwa majina yao wote. Sikuwa nimelifikiria hivyo, nami nikamwambia ukweli, kwamba sikufanya kwa ushujaa, nilifanya kwa woga. Akasema woga mwingine una kazi. Wakashuka. Ila mmoja aliniachia chupa yake ya maji, jambo ambalo hawalifanyi kwa watu wa ofisini.

Kikosi kimekubaliana kutogawa mawe mpaka Jumamosi. Ndiyo sababu ya haraka ya barua hii. Mjomba akipanda basi kesho kutwa, Ijumaa, atawakuta.

Bosi nimemwambia. Wachimbaji nimewaambia. Aliyebaki ndiye ninayemwogopa kuliko wote, kwa sababu ndiye pekee aliyeniomba jambo moja tu, nisimwombe damu, nami nikalitimiza kwa namna ya kumfukuzisha. Msomee, Mayu. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Lakini kabla hajawaita wanawe kugawa ng'ombe, mwambie yule mzee wa miaka sabini na mmoja ni mimi. Mwambie ampe mpwa wake umri wake, yeye achukue miwa yake, na ale nyama.

Nakuombea afya na mvua ya wastani. Mwambie Nelly viatu vitakuja, hata kama vitabebwa na mimi mwenyewe nikirudi na sanduku langu. Na ukijibu, usisahau kuniandikia nilizaliwa siku gani na saa gani, na nani alikuwepo. Nimeshapewa umri na mashine. Nataka sasa kuusikia kwako, uliyenizaa.

Wako mtiifu na mwoga,

Abel.