Jaji Asiyeruhusiwa Kuondoka

Jumatatu, 6 Oktoba

Muhula wangu ulikwisha Machi, na bado navaa joho. Sheria inasema jaji wa mahakama yetu ya juu hatoki mpaka bunge lipate wa kukaa kitini pake. Na vyama viwili vikubwa havielewani hata juu ya iwapo leo ni Jumatatu.

Baltasar alishafunga masanduku tangu kiangazi, tayari kuhamia mji mdogo wa Fundão. Leo asubuhi alitafuta soksi, akafungua matatu.

"Bibie," akaniambia, "wewe umeolewa na mahakama. Mimi hapa ni shemeji tu."

Nilicheka. Lakini mume wangu amechoka. Nami pia.

Alhamisi, 9 Oktoba

Chakula cha mchana na Quintela — tulisoma naye, sasa ni kigogo wa chama kilichoniteua. Samaki wa chumvi, viazi, divai nzuri mno. Nikajua kuna jambo.

Anataka nivumilie mpaka baada ya uchaguzi wa mwakani. Wanatarajia viti vya kutosha, wamweke wakili wao, Nóbrega, bila kumbembeleza mpinzani yeyote.

Nikamtajia Filomena Tavira, jaji wa rufani kule Porto. Hata wapinzani wanamheshimu.

Akapangusa mdomo. "Leonilde, mwanamke tulishakuwa naye."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekataa kuongezewa supu. Samaki sikummaliza.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tulishakuwa naye. Siku nzima neno hilo halinitoki.

Nilipomaliza sheria chuoni Coimbra, mwanamke hakuruhusiwa kuwa jaji. Basi nikaandikisha vizazi na vifo, mpaka mapinduzi yakauangusha udikteta na mlango ukafunguliwa. Kituo changu cha kwanza kilikuwa milimani, baridi ya kukata mifupa. Wakulima wawili waligombea kisima. Mmoja akaniuliza kwa adabu, "Binti, jaji anafika saa ngapi?"

Nikamwambia ameshafika. Akavua kofia, akamgeukia karani kuhakikisha. Kisima kilikuwa chake, nikampa. Akaondoka akinitazama kama mtu aliyelipwa kwa noti asiyoijua.

Baada yake wengine walizoea. Mahakama moja hadi nyingine, mpaka ya juu kabisa, mwanamke wa kwanza. Nilidhani nimefungua mlango. Kumbe kwa Quintela ilikuwa zamu tu, na zamu imekwisha.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimejiuzulu.

Muhula ukiisha, wanaweza kuniweka kitini muda wote wapendao. Lakini jaji akijiuzulu, kiti ni kitupu, na bunge lazima lipige kura mwezi huuhuu. Sio mwakani.

Quintela alipiga simu kabla sijavua koti. "Umetusaliti."

"Nimestaafu," nikamwambia.

Baltasar akauliza, "Na wakimchagua Nóbrega?"

"Basi watamchagua machoni pa watu."

Kisha nikatembea mpaka mtoni Tejo. Nikanunua keki ya mayai, nikaila nimesimama, sukari mpaka kidevuni. Hakuna aliyenijali. Sikumbuki lini mabega yangu yalikuwa mepesi hivi.

Jumapili, 19 Oktoba

Filomena amekuja kwa treni. Wapinzani wamempendekeza, na baadhi ya watu wa Quintela wanasita. Viti vyote vilishafungwa, akakaa juu ya sanduku la vitabu.

"Dada, wanasema nimependekezwa kwa sababu ya sketi."

"Hata mimi walinisema hivyo. Sketi zile nilishazigawa. Hukumu zipo."

"Nusu ya hukumu zako nilizipinga kwa maandishi."

"Nilizisoma. Mara nyingine ulinikasirisha wiki nzima."

"Na bado unanitaka?"

"Namtaka jaji. Ukitaka rafiki, chukua mkate, ule."

Akala. Alikuwa na njaa kweli, maskini. Nilipomsindikiza mlangoni nilimwona ana hofu, nami nikafurahi — asiye na hofu na kiti kile asikikalie.

Ijumaa, 24 Oktoba

Fundão, hatimaye. Jikoni kwetu. Jemu ya tini iko motoni, redio iko dirishani.

Inatakiwa theluthi mbili ya kura. Raundi ya kwanza: Nóbrega yuko nyuma sana. Filomena amepungukiwa na kura tatu tu. Tatu!

Simu ikalia. Baltasar akapokea, akasikiliza, akafunika kipokezi kwa kiganja. "Quintela. Anasema ukiifuta barua yako ya kujiuzulu sasa hivi, kabla ya raundi ya pili, kura inasimama. Utarudi kitini kwa muda mfupi tu. Anauliza kama jaji anaweza kufikiria tena."

Nilikuwa nakoroga. Nilingoja moyo uniume. Haukuuma.

"Mwambie jaji ameshaondoka. Na mimi siwezi kuja kwenye simu, jemu itaungua."

Akamwambia vilevile, neno kwa neno, hata la jemu. Quintela akakata simu.

Sasa wanaita majina ya wabunge, mmoja mmoja, raundi ya pili. Baltasar ameongeza sauti, amevuta kiti. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili unakoroga. Wamefika herufi D. Matokeo nitayaandika kesho; jemu sasa inataka mikono miwili.