Kitufe Alichoniombea Wifi

Nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha chupa,
9 Machi.

Mpendwa dada,

Hujambo? Shemeji na mapacha hawajambo? Goti lako limepata nafuu? Huku tu wazima. Mama anakula vizuri na kikohozi kimemwacha. Mimi mwili hauna neno, moyo ndio unaniwasha.

Ni wifi, mke wa kaka. Ndiye mkuu mpya wa wakaguzi wa chupa. Mimi nina miaka kumi na moja pale kwenye mkanda unaopitisha chupa, yeye hata miwili hajatimiza! Tena mimi ndiye niliyemfundisha kazi.

Cheo kilishindaniwa kwa jaribio. Chupa zinapita mbele ya taa. Ukiona yenye ufa, bonyeza kitufe. Ikiwa nzima, tulia. Msimamizi aliweka mbovu nyingi, mkono wangu ukazoea kubonyeza, ukawa haunisubiri tena. Naona chupa nzima, najua ni nzima, na kidole kinashuka vilevile. Mara kumi na tatu, dada! Na jicho moja lilikuwa kwa wifi, nione kama naye anakosea. Alikosea mara mbili tu.

Jioni kaka alimsifia mezani. Nikasema chumvi imezidi, nikainuka. Haikuwa imezidi.

Kesho yake wifi akamwendea msimamizi. "Huyu macho yake hayana kasoro," alimwambia mbele yangu. "Mwekee vitufe viwili, cha chupa nzima na cha mbovu, uone." Nikajaribiwa upya. Sasa kila chupa ilidai jibu, ikabidi niitazame kwanza ndipo nichague mkono. Nilikosea mara moja. Wifi, kwa vitufe hivyo hivyo, mara nne.

Lakini cheo kilikuwa kimeshatangazwa. Mkanda wote unawekewa vitufe viwili, na sifa zote ni za wifi. Angenionea, ningemchukia kwa raha zangu. Sasa nimchukie kwa lipi?

Juzi aliniuliza, "Wifi, utanisaidia kuwafundisha wapya?" Nikamjibu nitafikiria.

Nisalimie sana shemeji, na mapacha wabusu kila mmoja shavu lake, wasigombane. Mama anakuombea heri na safari njema ya kuja kutuona.

Wifi nitamkubalia, dada, nilishaamua kabla hajamaliza kuuliza. Ila namwacha angoje mpaka Jumatatu. Usimwandikie.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,
Kitindamimba.