Kadi Niliyosahau Kuinua

Mpwa wangu mpenzi,

Mama yako hajambo, goti limetulia. Ananiambia umekataa tena kusimama mbele ya watu, ukisema: "Mjomba na wenzake walishaamua sifai."

Ngoja nikueleze. Katika shindano letu la hotuba za kuchekesha, msemaji akipita dakika saba anaondolewa, na muda wa kicheko cha ukumbi unahesabiwa humo humo. Ndiyo maana mshika saa huinua kadi ya njano dakika ya sita, ili msemaji aanze kufunga.

Mwaka ule uliposhindana, mshika saa nilikuwa mimi. Hotuba yako ilipofika pale fundi cherehani anapoinuka na kitambaa cha meza kimeshonwa kwenye suruali yake, nilicheka mpaka miwani ikaanguka. Kuja kuiokota, dakika saba zimepita. Waamuzi wakaniuliza, "Mzee, kadi ulimwonyesha?" Nikaona aibu, nikajibu, "Nilimwonyesha," nawe ukaondolewa.

Jana niliiambia kamati ukweli, miaka miwili nikiwa nimechelewa. Ushindi hawawezi kukurudishia, wala mimi. Lakini ujue, nimekaa kwenye meza ya mshika saa miaka kumi na minane, na ni wewe peke yako uliyenifanya nisahau saa.

Mjomba wako, mwenye kosa