Ukurasa wa Kwanza Sikuusoma

Mama Neema,

Kimetolewa. Nilitaka neno hilo litangulie hata kabla ya salamu. Kile kifungu cha hospitali, kile cha kupeleka majina ya wagonjwa kwa watu wa uhamiaji, kimetolewa kwenye mswada juzi Jumanne, na mimi nilikuwepo. Nilikaa kule juu bungeni kwenye viti vya wageni na koti langu la kanisani. Shughuli yenyewe haikufika hata muda wa kuchemsha chai. Mzee mmoja wa baraza la juu alisimama, akakohoa, akasema serikali imesikiliza maoni na haitaendelea na kifungu hicho. Mwenzake akashukuru. Mwingine alikuwa amelala, kidevu kifuani. Wakafungua ukurasa mwingine, wakaendelea na mambo yao.

Nikacheka, Mama Neema. Nilicheka kwa sauti mpaka mlinzi akaja kuniinamia, akanipa kuchagua: ninyamaze au nitoke. Nikatoka. Kilio kilinishika kwenye ngazi za stesheni ya Westminster, watu wananipita huku na huku na miavuli yao, asiwepo hata mmoja wa kusema pole. Wewe ungenivuta mkono, useme kwa Kiswahili cha kwenu: "Pangusa macho, Wakesho, bazungu batasema tuko na wazimu."

Sasa niseme nililokuja kusema, kabla sijakwepa. Ulikufa ukiogopa sheria ambayo haijawahi kuwapo hata siku moja. Na aliyekuogopesha ni mimi.

Unakumbuka zile dakika kumi zangu. Ibada ikiisha, pale kanisani kwetu Tottenham juu ya duka la makapeti, Mchungaji anatangaza harusi, anatangaza misiba, anatangaza zamu za kupika chai, halafu anasema, "Na sasa dada yetu Mkenya atatusomea mambo ya serikali." Nami huyo, napanda mbele na karatasi zangu nilizopewa na wakili, miwani puani, shingo nimeinyoosha. Nilikuwa najisikia, bwana! Siku sita za wiki nawaogesha wazee wa watu na kuwabadilisha shuka, siku ya saba kanisa zima limenyamaza linanisikiliza mimi. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu ya London.

Jumapili ile nilikuwa na ule mswada wa wakimbizi, mnene, na Mchungaji alikuwa ameshaangalia saa mara mbili. Nikaona ukurasa wa kwanza unanichelewesha. Ukurasa wa kwanza ulieleza kwamba haya ni mapendekezo tu, kwamba yatajadiliwa, yatapigiwa kura, yatapelekwa baraza la juu, yatarudi, na kwamba mengine huenda yasipite kabisa. Nikaufunua, nikaupita, nikaingia moja kwa moja kwenye vifungu. Nilisoma kile cha hospitali kwa sauti ya kuhubiri. Majina ya wagonjwa ambao maombi yao ya ukimbizi yamekataliwa yatapelekwa uhamiaji. Nikafunga karatasi nikasema, "Tuombe." Na watu wakaomba, wengine wanalia.

Mimi niliijua tofauti kati ya mswada na sheria. Wakili alinieleza na biskuti akanipa. Lakini ninyi mngeijulia wapi? Kwetu na kwenu serikali haipendekezi. Saa saba jambo linasomwa redioni, saa kumi askari wako mlangoni. Na pale kanisani linalotangazwa mbele limeshakwisha: harusi ni harusi, maiti ni maiti. Nani aliwahi kusikia Mchungaji akitangaza msiba unaojadiliwa?

Ulinijia na kikombe cha chai, cha kwangu, chenye sukari tatu. Ukauliza, "Wakesho, unasema hospitali batatoa majina?"

Nikajibu, "Ndiyo, mama. Imeandikwa hapa."

"Basi. Mungu iko."

Ukaniomba ile karatasi yangu niliyoandika kwa Kiswahili, ya muhtasari. Nikakupa, nikafurahi. Nikadhani umependa mwandiko wangu! Ujinga huo nitakufa nao.

Ulikuwa umekataliwa mara moja na rufaa yako ilikuwa haijasikilizwa, hilo nalijua, mimi ndiye niliyekuwa nakusindikiza kwa wakili. Presha yako niliijua pia. Ila sikuunganisha. Nilikuona umenyamaza, nikasema ni baridi. Nilikuona unapumzika kila baada ya ngazi tatu, nikakutania kwamba sombe zako, hayo majani yenu ya muhogo, zimekuongezea uzito. Ulicheka. Ulicheka ukiwa umeshika ukuta.

Asubuhi ile ya Alhamisi ulipoanguka jikoni, Neema ndiye aliyepiga simu kuita gari la wagonjwa. Alinisimulia baadaye kwamba ulimshika gauni ukamwambia mara tatu, "Usibaite, Neema. Usibaite." Tulidhani ni ukaidi wako. Hata Mchungaji kwenye mazishi aliutaja ukaidi wako, watu wakatabasamu katikati ya machozi. Mazishi yalikuwa na matope, mama. Watu wa makaburi walikuja na mashine yao ya njano ya kufukia, nasi tukasema hapana, mtu wetu hafukiwi na mashine. Wakatutafutia makoleo mawili tu. Tulipokezana mpaka viatu vya wanawake vikabaki kwenye udongo. Matanga tulikaa siku tatu nyumbani kwako tunaimba, na yule jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio wake vilevile kama zamani ukitwanga sombe. Siku ile ya sombe wewe ulimjibu kwa mchi, yeye akigonga mara mbili nawe unatwanga mara mbili, mpaka mimi nikakaa chini kwa kicheko. Safari hii hakuna aliyemjibu.

Halafu ndipo nilipokwenda kufungasha chumba chako, kwa sababu wenye nyumba walikitaka. Chini ya godoro nilikuta bahasha tano za kliniki, zote za miadi, zote hazijafunguliwa. Vidonge vilivyobaki ulikuwa umevikata nusu nusu kwa kisu, vimefungwa kwenye kitambaa. Na karatasi yangu. Mwandiko wangu huo mzuri. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mpaka mikunjo imetoboka, na kile kifungu kimepigiwa mstari kwa wino wa kijani.

Kisha nikatia vyote kwenye mkoba wangu nikavificha, ndiyo, nikavificha, na nikamwambia Neema kwamba chini ya godoro hapakuwa na kitu.

Neema yuko kwangu sasa. Analala sebuleni, na mablanketi yako mawili. Wakili anasema kesi yake itaendelea kwa jina lake mwenyewe, na imefika mahali pazuri kuliko tulivyotarajia, ingawa sitaki kukupa matumaini kwa mdomo wangu huu tena. Shule anakwenda. Anakula kidogo. Kiswahili bado ni kilekile, anakisikia chote na kujibu kwa Kiingereza, nami namjibu kwa Kiswahili, tunaishi hivyo kama redio mbili. Nywele anajisuka mwenyewe na hazinyooki mistari; kila nikitaka kumshika kichwa anasogea.

Wiki mbili baada ya matanga, tukiwa tunaosha vyombo, aliniuliza kwa nini mama aliacha kwenda kliniki. Aliuliza huku ameangalia povu.

Nikamwambia, "Alichoka, mwanangu. Watu huchoka."

Akasema sawa. Akakausha kijiko kimoja kwa muda mrefu sana, akaenda kulala. Hajauliza tena. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru kwamba hajauliza tena. Nilikataa kusoma kanisani, nikasema koo linaniuma, na Mchungaji akanipa asali. Miezi mitatu watu wananiletea asali.

Sasa sikia lililonikalisha hapa mezani leo badala ya kazini.

Asubuhi Neema alisahau daftari lake la historia. Nilikuwa nalisogeza nipanguse meza, likafunguka. Kila palipo na jambo la kushika amepiga mstari. Kwa kijani. Wino uleule, na mstari uleule wenye kijimkia mwishoni. Nikaenda kwenye mkoba nikaitoa karatasi yangu, nikaiweka kando ya daftari.

Mama Neema, wewe hukuwa unasoma. Darasa la tatu, ulikuwa unasema, na hata hilo la tatu vita havikukuacha ulimalize. Barua zote za wakili alikuwa anakusomea Neema. Nilikuwaje nisijiulize nani alikusomea hii? Mtoto hasemi Kiswahili, lakini herufi anazitamka moja moja, nawe ungeelewa. Namwona amekaa kitandani kwako anatamka maneno yangu, nawe unamwambia rudia hapo, rudia tena, piga mstari hapo nisipapoteze. Labda mara kumi. Labda kila ulipoletewa bahasha ya kliniki.

Kwa hiyo siku ile ya vyombo hakuwa ananiuliza kitu asichokijua. Alijua. Alikuwa ananiuliza kama ni yeye. Kama sauti yake ndiyo iliyokuzuia kwenda. Nami mtu mzima, mwenye karatasi mkobani, nikamwambia ulichoka, nikamwacha na mzigo wangu kichwani mwake. Ana miaka kumi na mitano! Na usiku analala kwenye mablanketi yako na jambo hilo.

Nimejichukia leo kuliko siku ya mazishi. Siku ya mazishi sikujua. Hili la Neema nimelifanya nikijua, au nikiwa nimekataa kujua, sioni kama kuna tofauti.

Na tazama hata Jumanne nilivyofanya. Nilirudi kutoka bungeni nikamkuta anaandika kazi za shule, nikamwambia kifungu cha hospitali kimetolewa. Aliinua kichwa. Akauliza, kwa hiyo haikuwa kweli? Nikamwambia ni habari ndefu, tule kwanza. Akainama tena. Sasa ndiyo naona alichokisikia pale: kwamba alimsomea mama yake jambo ambalo halikuwa kweli, na mama yake akafa nalo. Nilimwongezea, Mama Neema. Nilikwenda mpaka bungeni kumletea mwanao jiwe jingine.

Sikuombi unisamehe. Wewe ungenisamehe haraka mno, nakujua, ungesema "Mungu iko" na kunimiminia chai, na mimi ningeinywa nikaendelea na maringo yangu. Kaa na hasira kidogo kama unazo. Nazistahili.

Mchungaji alinipigia jana. Anasema watu wamesikia nusu nusu, wengine wanasema kifungu kimetoka, wengine wanasema ni mtego wa serikali. Yule mama wa Kilburn mwenye sukari amekuwa anajificha tangu siku ile ile niliyosoma. Kumbe hukuwa peke yako. Nimemwambia Mchungaji kwamba Jumapili nitasimama, na dakika kumi sizitaki, nataka muda wa kutosha. Nitasema mbele yao wote nilipita ukurasa gani, na jina lako nitalitaja. Halafu nitakwenda Kilburn mwenyewe, nimshike yule mama mkono mpaka kliniki. Wacha wanione.

Lakini hiyo ni Jumapili, na leo ni leo. Nimefanya kitu kimoja. Nimetoa mswada wenyewe sandukuni na kuubandua ule ukurasa wa kwanza niliouruka. Nimeuweka mezani, na juu yake karatasi yangu yenye mstari wa kijani, na bahasha zako tano. Chai nimechemsha. Nitamwambia kwamba alisoma sawasawa, kila neno alilotamka lilikuwa lilelile nililoandika, na kosa lilikuwa limeshafanyika kabla karatasi haijafika mkononi mwake. Nitamwambia kwa Kiswahili na nitarudia kwa Kiingereza, asije akabaki na nafasi ya kujificha, wala mimi. Akinichukia, nitakaa hapohapo nichukiwe. Mablanketi na chakula na wakili vitabaki vilevile, akitaka kunisemesha au asitake.

Sijui atanitazamaje. Naogopa, mama, utaona hata mwandiko umeharibika.

Mlango wa chini umelia. Ni yeye, nazijua hatua zake, anaruka ngazi ya nne iliyovunjika kama ulivyomfundisha mlipokuwa mnakuja kwangu. Kwaheri, Mama Neema wangu. Pumzika na usimwogope tena mtu mwenye karatasi. Nakuahidi mtoto wako hatalala leo akidhani ni yeye, na ninapoanza kumsomea nitaanza pale nilipopaswa kuanza siku ile, ukurasa wa kwanza.

Wakesho