Baharini Hakuna Mashimo

Jumatano, 16 Julai. Nachingwea

Mkanda wa mashine ya kusaga umekatika tena. Foleni ya watu na madebe yao ya mahindi imefika barabarani, mimi nimepiga magoti kwenye pumba natafuta spana. Ndipo akaingia Issa. Mume wangu. Katoka Ruangwa kwa mke wake mdogo. Hakuuliza mkanda, hakuuliza chochote. Kichwani ana kofia nyeupe yenye picha ya nanga. Mtu wa kijijini Mkotokuyana, mkulima wa korosho na ufuta, amevaa kofia ya nahodha.

Ana habari. Ufuta umelipa vizuri mwaka huu, kwa hiyo tunakwenda kutalii na meli. Mtwara mpaka Unguja na kurudi. Meli ina vyumba, ina muziki, ina chakula cha kujipakulia mwenyewe. Tunakwenda yeye, mimi na Shamimu.

"Wote pamoja," akasema, "asitokee wa kusema sitendi haki."

Alisema hivyo mbele ya wateja. Mzee mmoja mwenye debe lake alicheka mpaka akakohoa.

Haki! Tangu amuoe yule binti, hapa anakuja shati likichanika, nimshonee. Sasa haki imeonekana baharini.

Nimekubali. Siendi kwa ajili ya bahari. Naenda ili asije akarudi kunisimulia.

Alhamisi, 17 Julai. Ruangwa

Leo nalala kwa mke mwenzangu. Sijawahi kukanyaga hapa. Bati la rangi, sofa bado zimevaa nailoni za dukani. Ukikaa zinalia.

Shamimu ni mdogo kuliko nilivyofikiri. Binti yangu Rehema anamzidi umri. Kucha za bandia, nyusi za kuchora. Sanduku la magurudumu limejaa nguo za kupigia picha. Alinipigia goti, "Shikamoo dada." Niliitika, ila sikuharakisha.

Wamenichinjia kuku. Yeye hakumgusa. Kakaa pembeni analamba ndimu na chumvi, macho yamelegea. Nimeona anaringa. Mke mdogo kuringa mbele ya mkubwa, hilo nalo nililitegemea.

Majirani wamekuja kuaga. "Mnakwenda wote watatu?" Issa anaitikia kwa sauti ya mtu aliyenunua trekta. Nimeona aibu. Kulala.

Ijumaa, 18 Julai. Melini

Tumetoka Ruangwa alfajiri, tukaikuta lami kubwa pale Nanganga, tukaingia Mtwara kabla ya swala ya Ijumaa. Njia nzima Issa anatufundisha bahari. Huyu mtu Mto Lukuledi ukijaa anarudi nyumbani. Leo anajua mawimbi.

Chumba ni kimoja. Naandika tena: kimoja. Kinaitwa chumba cha familia. Vitanda viwili vya ghorofa, choo cha kugeukia kwa zamu. Shamimu kachukua kitanda cha chini, mimi cha chini cha upande wa pili. Issa amepanda juu yangu. Amepanda kama mbuzi anayepanda paa. Hiyo ndiyo haki yake. Wake wawili wapeane migongo, yeye awe juu na kofia yake.

Huko nje watu wanapiga picha sahani zao. Wanaume wamevaa suti, jua kali. Mama mmoja ana miwani myeusi mikubwa na hajaivua hata kwenye korido. Wanacheza muziki kama harusini, ila hakuna bwana wala bibi harusi. Sijui tunasherehekea nini.

Shamimu hakutoka. Sanduku lote lile la nguo na hajavaa hata moja. Amelala anatazama ukuta.

Jumamosi, 19 Julai. Asubuhi

Bahari imeanza kuchafuka. Mabaharia wanasema ni upepo wa kusi, ndio msimu wake. Kwa hiyo walijua. Msimu wanaujua na tiketi wakauza.

Vikombe vinatembea mezani. Watu wanacheka, wanashika simu juu, wanarekodi. Wapumbavu.

Issa hajashuka kitandani. Uso wa majivu. Nahodha wetu.

Mchana

Hakuna anayecheka tena. Naandika nimekaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta, kalamu inakwenda inakotaka. Meli inapanda, inasimama, halafu inadondoka. Kila ikidondoka kuna kitu kinavunjika jikoni. Muziki wamezima. Kipaza sauti kimesema tuvae majaketi ya kujiokolea na tusitoke vyumbani.

Naogopa. Sina wa kumficha humu daftarini, kwa hiyo naandika. Naogopa kufa, na zaidi naogopa kufa chumba kimoja na hawa wawili.

Issa anaomba dua kwa sauti. Ameahidi kujenga msikiti. Juzi tu walipokuja kuchangisha mkeka wa msikiti wetu alijificha chooni.

Shamimu kajikunja. Tangu asubuhi hajasema ki

Jumapili, 20 Julai

Nimepata mahali pa kukaa. Ni benchi nje ya wodi, Kilwa Masoko. Niandike ya jana yalivyokuwa, kwa sababu najua yatakuja kusimuliwa vingine.

Nilikuwa naandika pale sakafuni, Shamimu akanishika mkono. Kalamu ikaruka.

"Dada, natokwa na damu."

Nikadhani amejigonga. Nikainua shuka. Nikaelewa.

"Una mimba?"

"Ya miezi mitatu."

"Na ukapanda meli?"

Akaanza kulia. "Kliniki walinikataza safari. Walisema nipumzike. Nikamwambia mume. Akasema kinachoharibu mimba ni barabara, ina mashimo. Akasema baharini hakuna mashimo."

Nikasimama, nikashika chuma cha kitanda cha juu. Nikamwona Issa. Macho wazi. Alikuwa anasikia yote.

"Baba Rehema, nenda kamwite nesi wa meli."

"Ngoja itulie."

"Mkeo anatokwa na damu."

"Wamesema tusitoke. Mama Rehema, unataka nife?"

Akavuta shuka, akajifunika kichwa. Mtu mzima. Ndevu zina mvi. Miaka yote niliyoishi naye nilimdharau kwa mambo madogo madogo: majivuno, uvivu, uongo wa hapa na pale. Sikujua kwamba nilikuwa namheshimu kupita kiasi.

Nikaenda mimi.

Korido ilikuwa na maji. Viatu vya watu vinaelea, mabegi yanatoka upande huu yanapiga upande ule. Nilikwenda kwa magoti, nikishika bomba la ukutani. Kwenye ngazi meli ililala upande, nikaanguka, goti likagonga chuma. Nililia kwa sauti, nikamwita mama yangu kwa Kimwera, kama mtoto. Hakuna aliyenisikia. Nikapanda hivyo hivyo.

Nesi nilimkuta amejifunga kwa kanga kwenye nguzo ili asianguke, beseni mkononi, naye mwenyewe anatapika. Nilimwambia neno moja, mimba. Akafungua kanga, akachukua mkoba wake, akanifuata. Mwanamke mfupi, mwembamba. Nimemheshimu pale pale, na mimi siheshimu watu ovyo.

Alifanya lililowezekana. Sindano. Miguu juu ya sanduku lile la magurudumu. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba humu ndani hana la zaidi, anatakiwa hospitali. Akaenda kumwambia nahodha. Nahodha akageuza kuelekea Kilwa kutafuta maji yaliyotulia.

Tulichelewa mno kufika. Au ndivyo ilivyoonekana kwangu. Nilichana kanga yangu vipande. Shamimu alinishika hapa juu ya kiwiko, kucha zake zikaingia, mbili zikakatika zikabaki kwenye sweta langu. Alimwita mama yake. Halafu akaanza kuniita mimi mama. Sikumsahihisha.

Juu yetu Issa alikuwa anatapikia mto wake mwenyewe.

Jumatatu, 21 Julai. Kilwa Masoko

Mimba imetoka. Daktari anasema mama atapona, amepoteza damu lakini atapona.

Issa amekuja wodini ameshanawa uso, kofia kichwani. Swali lake la kwanza:

"Alikuwa wa kiume?"

Daktari alifunga faili lake, akaondoka. Shamimu akageukia ukutani. Nilimwambia Issa atoke nje. Alitoka. Kumbe anaweza kutembea.

Siwezi kuandika zaidi leo. Nachukia kila kitu. Nachukia hata hewa ya bahari hapa dirishani.

Jumatano, 23 Julai

Tumerudi kwa gari la kukodi, Noah. Shamimu nyuma amelala kichwa kwenye paja langu, si kwa mapenzi, hapakuwa na pa kukiweka. Issa mbele na dereva. Mpaka Lindi alinyamaza. Baada ya Mingoyo akaanza kumweleza dereva urefu wa mawimbi. Tulipokaribia Nanganga mawimbi yalishapita urefu wa minazi.

Pale Nanganga, kwenye njia ya Ruangwa, akamwambia dereva asimame. Akashuka, akatoa sanduku, akafungua mlango wa nyuma.

"Shuka twende nyumbani. Dereva atampeleka Mama Rehema kwake."

Shamimu hakunyanyua kichwa.

"Nakwenda na dada."

"Dada yupi?"

"Huyu."

Issa akanitazama mimi, kama nimemwibia. Sikuwa nimesema kitu wala sikuwa nimepanga kitu. Kwa kweli nilishtuka. Mimi wa kuja kukaa na mke mwenzangu? Nilitaka kukataa. Neno lilishafika mdomoni. Halafu nikaiona ile kofia.

"Rudisha sanduku," nikamwambia dereva.

Tukamwacha Issa kando ya lami. Nilichungulia nyuma. Alikuwa anapungia mkono bodaboda ambayo haikusimama.

Alhamisi, 24 Julai. Nachingwea

Amelala chumba cha Rehema. Uji anakunywa nusu. Ananiudhi. Anaomba samahani kwa kila kitu, kwa maji, kwa mlango, kwa kukohoa. Nimemwambia akiomba samahani tena nitamrudisha baharini. Akacheka kidogo, kisha akalia. Basi nikatoka nje.

Jumapili, 27 Julai

Mteja wa kutoka Namungo, kijiji cha kule Ruangwa, kaleta habari. Huko kwenye kibanda cha kuonyeshea mpira Issa anasimulia. Nahodha alizimia, yeye akashika usukani. Mke akaugua, yeye akambeba mgongoni kwenye korido yenye maji mpaka kwa nesi. Watu wamemnunulia soda.

Nilicheka mpaka nikashika mashine nisianguke. Mteja naye akacheka. Halafu nikageuka, nikamwona Shamimu yuko mlangoni, amesikia yote. Kicheko kikaniisha.

Aliomba ndoo akaenda kuoga.

Jumanne, 29 Julai

Issa amekuja. Na kiroba cha mchele, kama mtu anayekuja kuposa.

Alikaa kwenye kiti cha uani, akasema amekuja kumchukua mke wake, watu wanaanza kuuliza. Nikamwambia mwenye kujibu yuko ndani. Shamimu akatoka. Amevaa gauni langu la zamani, linamvaa yeye badala ya yeye kulivaa. Hana nyusi, hana kucha. Uso wa mtoto wa shule.

"Nani alimwita nesi?" akauliza.

Issa akakohoa. "Siku ile tulisaidiana."

"Nani?"

"Shamimu, mke wangu, bahari ilikuwa mbaya kwa kila mtu."

"Nauliza nani."

Nilitaka sana kumjibia. Nilijiuma mdomo.

Issa akatazama kuku, akatazama paa, akanitazama mimi. Mimi nikatazama kiatu chake.

"Ni Mama Rehema," akasema mwishoni. Sauti ndogo, sijawahi kuisikia kwake.

"Basi kawaambie wa Namungo hivyo hivyo," Shamimu akasema. "Mimi kwako sirudi. Mama yangu nimeshampigia. Wazee watakuita, utajibu mbele yao."

Alisimama mpaka akamaliza. Sikumdhania hivyo. Naandika kwa sababu ni kweli.

Issa akanigeukia. "Na wewe? Na wewe unanifukuza?"

Nikamwambia nyumba hii niliijenga kwa mashine yangu, kwa hiyo sina haja ya kumfukuza, aone mwenyewe kama ana kitanda. Nikamtolea nguo zake. Nilikuwa nimeshazifunga tangu Ijumaa, pamoja na shati moja lililochanika, aliloniletea. Sijalishona.

Alisimama, akazibeba. Alipofika njiani akarudi. Nikadhani sasa atasema neno la kiume, hata moja.

Alirudi kuchukua mchele.

Jumamosi, 2 Agosti

Asubuhi ya baridi. Mikorosho ya nyuma imeanza kutoa maua, uani kote kunanukia.

Mama yake Shamimu atakuja wiki ijayo. Labda atamchukua, labda watakubaliana akae kwanza. Sijasema ninalotaka. Sina hakika ninataka nini. Anapika chumvi nyingi, anaongea na simu kwa sauti, taulo analiacha kitandani. Bado siwezi kusema nampenda.

Leo alikula vizuri. Mchana tulikaa barazani tunamenya mihogo. Akaniuliza, bila kuinua macho, kama mtoto aliyetoka hivyo anapewa jina.

Nikamwambia sijui.

Tukaendelea kumenya. Baadaye niliingia ndani kuwasha moto, nikamsikia kule nje analitamka jina, peke yake, polepole. Sikutoka kuuliza ni lipi.