Kofia ya Fundi

Shoga yangu, nina hasira mpaka basi.

Tangu fundi abadilishe mafuta ya injini juzi, gari linanuka kuungua. Nikampigia. "Dada, unaendesha na breki ya mkono." Mimi! Miaka sita barabarani!

Leo nampeleka mama kliniki, moshi ukafuka kwenye boneti. Mama wa watu, na magoti yake yale, akashuka mbio.

Nikafungua boneti. Juu ya bomba la moshi, pale linapotokea kwenye injini, kuna kofia. Kofia, shoga! Nusu imeshakuwa mkaa.

Nikaichomoa kwa kijiti, nikaipeleka gereji hivyo hivyo. Wateja wamejaa. Fundi akadakia mwenyewe: "Aa, kofia yangu! Nimeitafuta siku mbili!"

Nikamwambia, "Ivae."

Nikasimama pale mpaka akaivaa.